Viboko Viwili vya Mwalimu Oliva

Kila nikifungua boksi jipya la sabuni za miche hapa dukani kwangu, harufu inayonipanda puani hainikumbushi kufua. Inanikumbusha kusoma. Msinicheke. Mimi herufi nilizijua kwa pua kabla ya kuzijua kwa macho, kwa sababu mwalimu aliyenifundisha alikata maboksi ya sabuni vipande vipande, akaandika herufi moja moja kwa kalamu nene ya wino mweusi, akazitia zote kwenye mfuko wa nailoni. Kila alipoufungua mfuko ule, kona nzima ya darasa ilinukia nguo safi. Mwalimu huyo aliitwa Oliva, nami nilimtendea ubaya ambao kwa miaka mingi niliusimulia kama kichekesho.

Nilikuwa darasa la nne katika shule moja ya pembezoni mwa mji wa Ifakara, na nilikuwa sijui kusoma. Sisemi nilisoma kwa shida. Sikujua kabisa. Jina langu, Fausta, niliweza kulichora kama mtu anavyochora kuku, lakini likiandikwa na mtu mwingine nilipita kando yake bila kusalimiana. Shamba letu lilikuwa ng'ambo ya mto, mbugani, upande wa kwenda Malinyi, na kila mwaka mpunga ulipoanza kutoa masuke familia nzima ilihamia huko. Kazi yangu ilikuwa kuamia ndege. Tangu alfajiri nilikaa juu ya dungu, kile kijukwaa cha miti katikati ya shamba, nikipiga debe na kurusha udongo kwa kombeo, huku wenzangu wakiimba ba, be, bi, bo, bu. Kwelea wa bonde hili hawana huruma, ukigeuka kujikuna wamekwisha kula gunia. Niliporudi shuleni mpunga ulikuwa umevunwa, na wenzangu walikuwa wamefika mbali.

Basi nikajitafutia ujanja. Tulipokuwa tukisoma kwa zamu, niliwasikiliza waliotangulia, nikayameza maneno yote, na zamu yangu ilipofika nilikodolea ukurasa macho na kuyatapika jinsi yalivyo. Nilikuwa na masikio mazuri mno, nayo ndiyo yaliyoniponza. Walimu watatu walinipandisha darasa wakisema mtoto huyu ana sauti ya kusoma neno kanisani.

Mkuu wa shule yetu alikuwa mtu wa vipimo. Asiyejua alipigwa viboko viwili vya mkononi. Mwenye jeuri alipigwa sita, kisha akapiga magoti kwenye kokoto mpaka kengele ya kwenda nyumbani. Hakuzidisha wala hakupunguza, na wazazi walimpenda kwa hilo. Baba yangu, siku aliyonipeleka kuandikishwa, alimwambia mbele yangu kwamba nyama ni ya kwake mkuu, yeye abakishiwe mifupa. Kila darasa lilikuwa na fimbo yake, imelazwa juu ya ubao, na mkuu aliiita mwalimu msaidizi.

Mwalimu Oliva alikuja mwezi wa saba, baada ya mavuno, akiwa ametoka chuoni. Alikuwa msichana mwembamba wa kutoka Mahenge, na Kipogoro kilichungulia katika kila sentensi yake ya Kiswahili. Siku ya kwanza aliishusha fimbo kutoka juu ya ubao, akaipeleka ofisini, akarudi mikono mitupu. Kisha akamuuliza kila mmoja wetu jina lake na alichokula asubuhi, akaandika daftarini. Aliyekosa jibu aliambiwa amekaribia, ajaribu tena. Aliyepata alipigiwa makofi matatu na darasa zima. Hakuna mtu mzima aliyekuwa amewahi kutufanyia mambo hayo, na pengine mnafikiri tulimpenda.

Tulimwona bwege. Mtoto aliyezoea kusimamishwa na fimbo, akiikosa, hajui asimame wapi. Tulimwigiza lafudhi yake akiwa palepale. Tuliuliza ruhusa ya kwenda chooni wanane kwa mpigo. Siku moja tulimvua kambale kwenye mfereji wa barabarani tukamtia mzimamzima kwenye mkoba wake. Alipoufungua kutafuta chaki akamkuta anajipigapiga, akamkamata nyuma ya kichwa kwa ufundi ambao hatukuutegemea kwa mtu wa milimani, akauliza ni nani aliyemletea kitoweo ili amshukuru. Tulikasirika sana siku hiyo. Tulitaka alie.

Aliyetuongoza alikuwa Zena, binti wa mwenye mashine ya kukoboa mpunga, msichana aliyejua kusoma vizuri kuliko wote na kutaja aibu ya kila mtu. Mimi nilimwogopa Zena kuliko nilivyomwogopa mkuu.

Mwalimu Oliva alinigundua wiki ya tatu. Nilikuwa nimesoma aya yangu bila kukwama na makofi yamepigwa, akaniambia kwa upole niirudie nikianzia mstari wa mwisho kwenda juu. Nikanyamaza. Alikitazama kitabu, akanitazama mimi, akasema nikae, inatosha. Mbele ya darasa hakusema zaidi. Saa nne, wenzangu walipotoka kwenda kunywa uji, aliniomba nibaki nimsaidie kupanga madaftari, na hapo ndipo mfuko wa nailoni ulipofunguliwa kwa mara ya kwanza.

Tangu siku hiyo nilipanga madaftari kila siku ya Mungu. Alizimwaga herufi juu ya dawati, akaniachia nizishike, nizigeuze, nizinuse. Hakuwahi kuniambia sijui. Alisema masikio yangu yalishajua kusoma, sasa tulikuwa tunayafundisha macho. Nilipokosea alisubiri tu, akiwa amekunja mikono, na huko kusubiri kwake kulinifanya nitake kupata kuliko kiboko chochote nilichowahi kupigwa. Andazi lake alilikata vipande viwili, kikubwa akanipa mimi. Niliporudi uani nilijifuta makombo mdomoni, nikamwigiza lafudhi yake ili wenzangu wasinishuku.

Zena alituona kupitia dirishani. Kufikia mchana nilikuwa na jina jipya. Waliniita Sabuni. Wakiniona walinusa hewa, wakaimba ba, be, bi, bo, bu kwa sauti ya watoto wa chekechea, na hata wale waliosoma kwa kubabaisha kama mimi waliimba kwa nguvu zaidi ili wasije wakatazamwa wao. Nililala na jina hilo, nikaamka nalo. Mungu anisamehe, sikumchukia Zena aliyenipa. Nilimchukia mwenye mfuko.

Kelele za darasa letu zilimfikia mkuu. Jumatatu moja mwezi wa kumi na moja alisimama mstarini mbele ya shule nzima, Mwalimu Oliva akiwa palepale pamoja na walimu wenzake, akatangaza kwamba Ijumaa atakuja darasa la nne kusikiliza watu wakisoma. Atachagua watatu. Wakisoma wote, sawa, mwalimu wenu ana njia yake. Akishindwa hata mmoja, fimbo itarudi juu ya ubao na mwalimu atakwenda kubembeleza watoto wadogo kule darasa la kwanza. Walimu wengine walicheka. Mwalimu Oliva alitazama viatu vyake, na sisi tukajua kwamba amewekwa mikononi mwetu.

Zena alitukusanya nyuma ya matundu ya choo. Alisema yeyote atakayechaguliwa asifungue mdomo. Mmoja akauliza kwa ajili ya nini, na Zena akasema tuone atafanyaje. Hiyo ndiyo iliyokuwa sababu yote. Kisha akanigeukia mimi, akasema Sabuni lazima atasoma, Sabuni ni mtoto wa mwalimu. Nikamwambia ataona. Mimi nikinyamaza, nikamuuliza, jina hilo litakufa? Akaapa kwamba litakufa.

Sasa, jambo ambalo Zena hakulijua ni hili. Alhamisi ile, saa nne, Mwalimu Oliva aliweka mbele yangu ukurasa ambao sijawahi kuusikia ukisomwa na mtu yeyote. Ulihusu mama mmoja aliyekwenda sokoni akifuatwa na mbuzi wake. Niliusoma. Niliusoma kwa kidole, polepole, jasho likinitiririka, lakini niliufikisha mwisho, na nilipofika pale mbuzi anapokula kofia ya mwenye soko nilicheka, maana sikujua kwamba atakula. Mwalimu Oliva alipiga makofi matatu peke yake, taratibu, wasije wakasikia uani. Hakunikumbusha habari ya Ijumaa. Jioni hiyo nilikwenda nyumbani nikisoma vibao vya maduka njia nzima, kinyozi, vipuri vya baiskeli, mchele super, na moyo wangu ulikuwa mkubwa. Hata hivyo nilikuwa nimeshaahidi.

Ijumaa mkuu aliingia na fimbo kwapani. Alipitisha macho kwenye madawati, akanisimamisha mimi wa kwanza, akaufungua ukurasa. Ulikuwa mwingine, wa ng'ombe na wezi. Niliuona wote. Nataka mlielewe vizuri jambo hili: sikuzuiwa na hofu wala sikusahau. Maneno yalikuwa yamesimama pale yananitazama, na mstari wa kwanza nilikuwa nimeshausoma kimoyomoyo kabla mkuu hajaondoa kidole chake.

"Soma," alisema.

Nikanyamaza. Akangoja. Nikamtazama usoni. Nyuma yangu nilisikia Zena akikohoa kwa furaha. Mkuu akamgeukia Mwalimu Oliva, aliyekuwa amesimama karibu na dirisha.

"Huyu anajua akakataa, au hajui?"

Mwalimu Oliva alinitazama. Muda ule haukuwa mrefu, lakini nimeishi ndani yake mara nyingi tangu wakati huo. Alikuwa na macho ya mtu aliyepigwa na mtoto wake.

"Hajajua, Mwalimu Mkuu," alisema. "Kosa ni langu."

Mkuu akamnyooshea fimbo. Alisema kwa kuwa kosa ni lake, basi kazi pia ni yake. Mwalimu Oliva hakuwahi kuishika tangu siku ile aliyoirudisha ofisini, na aliishika vibaya, katikati. Nikanyoosha kiganja. Kiboko cha kwanza kilianguka kama jani, na mkuu akasema hicho hakihesabiwi, aanze upya. Vilivyofuata viwili vilihesabiwa. Halafu mkuu akamsimamisha Zena, na Zena akasoma ukurasa ule kama maji yanavyoteremka, hakukwama hata kwenye nukta. Wa tatu naye akasoma. Mimi peke yangu ndiye niliyebaki na kiganja chenye mistari, na mwalimu wangu amebaki bila darasa.

Sikumkasirikia Zena. Watoto wana akili za ajabu. Niliyemkasirikia ni Mwalimu Oliva, kwa sababu alisema hajajua. Jana tu nilikuwa nimemsomea ukurasa mzima, alikuwa amenipigia makofi, na leo amesimama mbele ya watu akaniita mjinga. Niliona amenisaliti. Januari tulipofungua alikuwa darasa la kwanza, na alipokutana nami getini alinisalimia kwa jina langu. Nilipita bila kuitikia, nikiwa na Zena, nikisikia fahari. Kabla mwaka haujafika katikati alihamishiwa Uchindile, huko juu milimani, na fimbo yetu ilikuwa imeshazoea nafasi yake. Jina la Sabuni halikufa. Nilimaliza nalo darasa la saba.

Nilikuwa mke wa mtu, mama wa watoto wawili, ndipo nilipokuja kuelewa. Mwaka mmoja tulikuwa tumeanika mpunga kwenye turubai nje ya nyumba, na mwanangu wa kiume aliachiwa zamu ya kuulinda. Akauacha akaenda kucheza mpira. Mvua ikaupiga, mbuzi wa jirani wakamalizia. Baba yake aliporudi alivua mkanda akiwa bado mlangoni, akauliza zamu ilikuwa ya nani. Nilijua. Mtoto alinitazama, na hakufungua mdomo.

"Ilikuwa yangu," nikasema. "Nilipitiwa na usingizi."

Nilitukanwa mbele ya watoto, nikakubali. Baadaye nikiwa jikoni nilimsikia mwanangu huko nje akimwambia dada yake kwamba mama siku hizi kichwa chake kimechoka, hajui hata alipokuwa. Alicheka. Alikuwa ameamini kabisa uongo nilioutunga ili kumwokoa, na alinidharau kwa ajili yake.

Nilikaa chini karibu na moto. Nikahesabu, kwa mara ya kwanza, hesabu ambayo mtoto yeyote wa shule yetu angeiweza. Viwili kwa asiyejua. Sita kwa mwenye jeuri, na kokoto mpaka jioni. Mwalimu Oliva aliniangalia nikiwa nimesimama pale nimefunga mdomo wangu unaojua kusoma. Neno moja la ukweli, "anajua", lingemwachia darasa lake, lingeirudisha fimbo ofisini, na mkuu angejua kwamba njia ya Mwalimu Oliva imefaulu hata kwa mtoto wa dungu. Alilijua neno hilo. Alinichagulia viwili, akachukua vilivyobaki.