Verna Achagua Bunduki ya Kuwalinda Watoto

Saa mbili asubuhi bado ni giza, na upepo wa baharini unakata masikio. Verna Tukrook amesimama kwenye kona ya shule, bunduki begani, taa mkononi. Watoto wanapita mbele yake mbio.

"Wewe Lester, funga koti! Dubu anapenda tumbo lililo wazi."

"Dubu hali mifupa, shangazi!" mtoto anajibu, na wenzake wanaangua kicheko.

Verna anatabasamu kidogo tu. Macho yake yako upande wa ufuko. Barafu ya bahari imechelewa tena mwaka huu, na dubu weupe wanazurura nchi kavu na njaa zao.

Kwa miaka kumi na mmoja mama huyu wa miaka arobaini na saba amekuwa mlinzi wa dubu katika kijiji cha watu mia tatu, pwani ya kaskazini ya Alaska. Hulipwa dola ishirini na sita kwa saa, msimu wa dubu peke yake. Miezi mingine hushona makoti ya manyoya.

"Kwanza unamulika taa, unapiga honi, unarusha fataki," anasema. "Bunduki ni ya mwisho. Lakini zamu yake ikifika, haina ruhusa ya kukataa."

Bunduki moja iliwahi kukataa. Miaka miwili iliyopita dubu alitokea nyuma ya kanisa, hatua ishirini kutoka kwa bibi kizee aliyekuwa akitoka ibadani. Clifford, shemeji yake Verna na mlinzi mwenzake, alikuwa na bunduki inayojipakia yenyewe: ukifyatua, risasi nyingine inaingia. Ya kwanza ilikwenda pembeni. Ya pili ikakwama njiani. Aliigonga kwa ngumi, wapi! Aliyemwokoa bibi ni dereva wa lori la maji, aliyemwendea dubu kwa kasi huku akipiga honi.

Tangu siku hiyo Clifford anaitwa Risasi Moja.

Wiki hii baraza la kijiji limepata fedha za bunduki nne mpya, na walinzi wamemwachia Verna achague: zile zinazojipakia, au za komeo, ambazo huvutwa kwa mkono kila baada ya risasi. Oda lazima iondoke na ndege ya Ijumaa.

Kwenye mkutano wa baraza na walinzi kuna chai na vipande vya ngozi ya nyangumi, kitoweo cha huku. Wote wanadhani wanajua atasema nini.

"Chagua tu hiyo ya enzi za babu yako," Clifford anamchokoza. "Mpaka uvute komeo, dubu ameshakula na anachokonoa meno."

"Nyamaza wewe, Risasi Moja!" mzee mmoja anadakia. Watu wanacheka.

Verna anaweka kikombe chini. "Msimcheke. Ile bunduki niliiharibu mimi."

Hapa kila mtoto anajua kwamba bunduki hukaa chumba cha mbele, kisicho na moto. Ukiiingiza kwenye joto inatoka jasho. Ukiitoa tena nje, jasho linageuka barafu ndani ya chuma. Siku ile, nyumbani kwa Verna, Clifford aliiacha chumba hicho akaingia kunywa kahawa. Verna akaiona imejaa theluji. Akaipeleka jikoni, akaifuta vizuri, akairudisha, asiseme neno.

"Miaka miwili nimewaacha muilaumu bunduki na Clifford," anasema. "Niliona aibu, shemeji."

Clifford anamgeukia. "Kila siku najiuliza nilikosea wapi, Verna. Kila siku." Kisha anamsogezea sahani. "Kula. Sasa na wewe utafutiwe jina."

"Basi tununue zinazojipakia?" anauliza mwenyekiti.

Verna anatikisa kichwa. "Nataka ya komeo. Nayo huganda, sidanganyi. Lakini ina vyuma vichache, na ikigoma naivuta kwa nguvu za mkono, hata nikiwa na glavu. Mimi nilikosea kwa wema. Kesho atakosea mwingine, ana usingizi, ana hofu. Nataka bunduki itakayomvumilia mtu huyo."

"Andika nne za komeo," Clifford anamwambia katibu, kabla mwingine hajafungua mdomo.

Kuanzia mwezi ujao Verna atafundisha kuzitumia kila Jumamosi. Wanawake sita wamejiandikisha. Wiki nne za kwanza hawatagusa risasi. Watachomoa komeo na kulirudisha, macho yamefumbwa, upepo ukivuma.

"Natamani msimu upite tusifyatue hata moja," anasema. "Dubu arudi kwenye barafu yake, watoto warudi kwa mama zao. Na nikikosea tena, niseme siku hiyo hiyo."