Ufunguo Aliouchukua Shemeji

Shemeji yangu aliuchukua ufunguo wa gari siku ileile ya mazishi. Tulikuwa tumetoka makaburini, wanawake wa kanisa wananivua viatu, na yeye akapita katikati yetu mpaka chumbani, akauondoa kwenye msumari wa ukutani tulikouning'iniza siku zote. Aliutia mfukoni mbele yangu. Alipoona namtazama, akalainisha sauti.

"Bintu ya marehemu inabakia mu mikono ya jamaa, shemeji. Tutaikalia kisha matanga."

Vitu vya marehemu kubaki mikononi mwa ukoo, na kujadiliwa baada ya matanga, ndiyo desturi yetu huko Kivu. Vita ilipotufukuza tuliacha masufuria yakiwa motoni, tukaacha mbuzi, tukaacha hata picha za harusi, lakini desturi hiyo ilivuka mpaka na kufika Kampala salama salimini. Mume akifa, ndugu zake wanakuja kuzoa. Nilikuwa nimeiona ikifanyika kwa wenzangu, nikawapa pole, nikarudi nyumbani kupika. Sasa ilikuwa imeingia kwangu na viatu vyake vya tope.

Gari lenyewe lilikuwa kigari cha mizigo kilichochoka, kilichotoka Japani na ufunguo mmoja tu. Mume wangu alikuwa fundi cherehani mwenye macho mabovu, na hakuwahi kukaa nyuma ya usukani hata siku moja. Mwendeshaji nilikuwa mimi. Alfajiri nilikwenda Port Bell kuchukua dagaa, kisha nikawasambazia wanawake wa Kikongo wenye vibanda, kuanzia Namuwongo tulikoishi hadi Kyebando, alikoishi shemeji huyohuyo. Kadi ya gari iliandikwa jina la mume wangu kwa sababu wakati wa kulinunua mimi nilikuwa kitandani, nimetoka kujifungua. Watoto walikula kutokana na gari hilo. Nikikaa muda mrefu bila kuonekana, wateja wangu wangetafuta mtu mwingine, na mteja wa dagaa akishahama harudi.

Niliwaendea wazee wa kanisa. Wakaniambia nivute subira mpaka tuondoe matanga. Nilitoka pale nimefura. Sijawahi kusikia mtu aliyeshiba akihubiriwa subira.

Basi nikamfuata fundi mmoja wa magari, Mganda aliyefanyia kazi kando ya reli. Alikuja, akatazama usukani uliojifunga, akatazama mahali pa ufunguo palipo wazi, kisha akanitazama mimi. Akakataa kushika hata bisibisi mpaka mwenyekiti wa mtaa aje asimame pale. Sikumlaumu. Mjini hapa anayetaka kung'oa usukani wa gari asilokuwa na ufunguo wake ana jina moja tu. Mwenyekiti alikuja, akasema mtaa mzima unajua nani huendesha gari lile, na kwamba kama mimi ni mwizi basi nimekuwa nikiiba kila asubuhi huku nikimpigia honi ya salamu.

Mpango wa fundi ulikuwa rahisi kuuelewa. Angeng'oa mhimili wote wa usukani, kuanzia gurudumu la kushika mpaka chini miguuni, pamoja na kufuli lake, na kuweka mwingine uliotoka kwenye gari la aina hiyohiyo lililochinjwa vipuri. Mhimili huo ungekuja na ufunguo wake. Nikakubali, nikamlipa kwa akiba yangu ya mwisho. Alifanya kazi siku nzima amelala chali, miguu nje ya mlango, na majirani wakaleta viti wakakaa kutazama.

Alipomaliza akanipa ufunguo. Nikazungusha, gari likanguruma, na kwa mara ya kwanza tangu msiba nikacheka. Likazima. Nikazungusha tena, likawaka, likazima. Halikunguruma hata kwa muda wa pumzi tatu.

"Gali inakosa mafuta, mama," fundi akasema.

Nilimwonyesha taa ndogo yenye umbo la ufunguo iliyokuwa ikipepesa kwenye dashibodi. Akasema taa ni taa tu. Akafungua bomba la mafuta, akalipuliza kwa mdomo, akatema. Akabadilisha pampu. Akasafisha plagi. Akaja kesho yake na kesho kutwa, na kila mara gari likawaka na kuzima, na ile taa ikaendelea kupepesa mbele ya macho yake. Nilimwambia maneno ambayo mjane hatakiwi kuyasema akiwa bado amefunga kitambaa cha msiba.

Hatimaye alikwenda kuuliza kwa wenzake wa umeme wa magari. Akarudi mpole.

"Mama, hii gali inajua funguo yake. Ndani ya kichwa ya funguo iko kitu kidogo, inaongea na kompyuta. Hii nirikuretea, kompyuta haijui. Inafikiri wewe ni mwizi."

Nadhani hakuna kilichoniuma katika msiba ule kama maneno hayo. Kanisa lilikuwa upande wa shemeji, desturi ilikuwa upande wake, na sasa hata gari nililoliosha kwa mikono yangu limejiunga na ukoo.

Fundi alisema tukipata ule ufunguo wa zamani kwa saa chache, angekitoa hicho kitu kidogo na kukifunga kwa gundi chini ya usukani. Nikapanda bodaboda mpaka Kyebando. Shemeji alinikaribisha kwa soda. Nilimwomba ufunguo kwa saa chache bila kumtajia kazi ya fundi, nikamweleza habari za watoto, nikajishusha mpaka nikapiga magoti, mimi niliyemzidi umri. Akautoa ufunguo mfukoni, akauangalia, akaurudisha.

"Gari bila funguo ni mabati tu, shemeji. Rudi, ulie bwana yako."

Nilirudi, lakini si kulia. Nilimuuliza fundi, kama tatizo ni kompyuta isiyonijua, kwa nini tusiing'oe na hiyo. Akakuna kichwa, akasema gari lililochinjwa bado lina kompyuta yake, na kompyuta, mhimili na ufunguo vikitoka gari moja vitajuana vyenyewe. Kilichobaki ilikuwa namna ya kuilipia. Nyumbani hakukuwa na kitu cha kuuza isipokuwa cherehani ya mume wangu, ambayo shemeji aliiacha kwa kuwa ilikuwa kuukuu. Nilisaidiana na mnunuzi kuibeba mpaka barabarani, uzi wa mwisho aliouvuta marehemu ukiwa bado kwenye sindano. Siku hiyo nililia kuliko siku ya mazishi, na nilikuwa nalia kwa hasira.

Gari likawaka, likabaki linawaka. Taa ikazimika. Nikarudi Port Bell. Milango sikuweza kuifunga tena, kwa sababu vitasa vyake vilikuwa bado vya ufunguo wa zamani, lakini nani ataiba harufu ya dagaa.

Siku ya kuondoa matanga uani palijaa watu. Shemeji alikuja na mwanamume mmoja mwenye viatu vya kung'aa, ambaye hakunipa pole, akaenda moja kwa moja kupiga matairi teke. Alikuwa amekuja kununua gari. Shemeji alikuwa amesikia kwamba naendesha, na alidhani nimechongesha ufunguo wa bandia. Ule halisi anao yeye, basi gari ni lake. Akautia mlangoni, mlango ukafunguka. Akawatazama wazee wa kanisa akitabasamu, akaketi kwenye usukani.

Ufunguo haukuzunguka. Akautoa, akaupangusa kwenye suruali, akaurudisha. Akauvuta usukani kushoto na kulia, ukiwa umejifunga kabisa. Watu waliacha kula. Mwenye viatu vya kung'aa akatazama saa yake, akaelekea barabarani bila kuaga.

"Umefanyia nini gari ya ndugu yangu?" shemeji akaniuliza.

"Shuka kwenye gari langu," nikamjibu.

Nilikuwa sijawahi kusema neno hilo, langu, hata mume wangu akiwa hai. Shemeji alishuka taratibu, nami nikapanda palepale na nguo zangu za matanga, nikawasha, nikaondoka.

Watu husimulia kwamba siku hiyo nilitoka uani nikiwa mshindi. Nilifika kwenye njia ya reli nikasimama, nikauchomoa ufunguo, nikautazama. Gari lilikuwa langu tangu mwanzo, na ili nibaki nalo ilinibidi nilivunje kama mwizi.