Ndoo ya Tereza

Tereza Masalu aliingia Katumba akiwa mgongoni mwa mama yake, nyuma ya ng'ombe waliotoka Shinyanga wakifuata majani. Alipomaliza darasa la saba, baba yake alimkabidhi bomba la kuogeshea ng'ombe, na kwa miaka mitano mikono yake ikanuka dawa ya kupe hata alipomega ugali. Klabu ya vijana ndiyo iliyomwonyesha kwamba mikono hiyo inaweza kazi nyingine. Huko alishika msumeno na randa, akaunda mzinga, na nyuki wakauingia. Siku ile alikaa chini ya mninga akisikiliza mvumo wao mpaka akasahau kuchota maji ya nyumbani.

Mizinga tisa ya klabu ilitundikwa kwenye mninga huo, shambani kwa babu Claude, Mrundi mzee aliyelima tumbaku peke yake tangu mkewe afariki. Mahali hapo aliwapa bure. "Nyuki hawaombi ugali," alisema.

Klabu ilikuwa na desturi. Kila Alhamisi mmoja alisimama mbele ya wenzake na kujibu maswali matatu: umefanya nini, nini kimeharibika, umejifunza nini. Madam Lidia, mlezi wao, hakumruhusu mtu kuketi kabla hajajibu la pili.

Madam huyohuyo aliwafundisha kwamba bomba la dawa halioshwi mtoni, maana kuna watu wanakunywa huko chini. Tereza alilishika neno hilo. Jumamosi moja ya Septemba, alipomaliza kuogesha ng'ombe, alichota maji, akaenda nayo mbali na mto, akasuuzia bomba ndani ya ndoo na kuyamwaga vichakani. Kisha, kwa kuwa ilikuwa zamu yake kuwawekea nyuki maji, akachota tena kwa ndoo ileile, akajaza karai lililokuwa chini ya mizinga. Ndoo yenyewe hakuisuuza.

Jumatatu nyuki walikuwa wametapakaa chini kama pumba. Wachache walitikisa bawa moja, wakaacha. Mninga ulikuwa kimya.

"Ni huyu mzee," alisema Agape, katibu wa klabu. "Kapulizia vitalu vyake vya tumbaku. Nani mwingine ana dawa hapa?"

"Sijapulizia, wanangu," babu Claude alisema. "Njooni mlione bomba langu, buibui wamehamia humo."

"Babu, nyuki wamekufa, wewe unatuletea hadithi za buibui!"

Wakacheka kicheko kibaya. Tereza alikuwa akitazama karai. Maji yalikuwa na weupe kidogo, kama yaliyooshewa mchele, na weupe huo wa dawa ya kupe aliujua tangu utoto. Alifungua mdomo. Lakini vijana walikwishaingia vitaluni, wanang'oa miche, na mmoja akamsukuma begani: "Wewe ndiye unashangaa? Mzinga wako ndio ulioingiwa na nyuki kwanza!"

Akainama. Akang'oa na yeye. Miche ilitoka bila kushindana, mizizi yake myembamba kama nywele za mtoto mchanga. Babu Claude hakupiga kelele. Aliita jina la kila aliyemtambua, taratibu, kama anayewaita kuja kula.

Alhamisi Tereza aliomba asimame yeye.

"Umefanya nini?" Madam Lidia aliuliza.

"Nimewawekea nyuki maji."

"Nini kimeharibika?"

Akasema yote: ndoo, bomba, karai. Akasema na ya vitalu, kwamba alikuwa akijua mzee hana kosa huku anang'oa. Watu walitazama miguu yao.

"Ungesema Jumatatu, dada," Agape alisema. "Ungesema tu."

Madam Lidia hakumuuliza swali la tatu.

Tereza alitoka hapo moja kwa moja hadi kwa babu Claude. "Shikamoo, babu." Mzee aliitikia, akasikiliza, akatazama vitalu. Mistari miwili tu ndiyo iliyokuwa imebaki, na muda wa kusia mbegu nyingine ulikuwa umepita.

"Mwaka huu sina shamba," alisema.

Tangu siku hiyo Tereza humpelekea maji ya kumwagilia ile miche iliyobaki, asubuhi na jioni, kwa ndoo mpya ambayo haijawahi kufika zizini. Babu Claude huipokea kwa mikono miwili. Kabla hajamwaga tone, huinama, akaweka pua juu ya maji, akanusa kwa muda mrefu. Tereza husimama pale akingoja amalize.