Kinanda cha Kutisha Saa Nane Mchana

Kazi yangu ni kutisha watu. Nalisema hili mapema asije mtu akadhani kwamba hapa najitetea. Filamu ikifika pale mke anaponyoosha mkono kufungua kabati, na wewe uliyekaa kwenye kochi unatamani kumpigia kelele asifungue, anayekukaba koo ni mimi. Niko kwenye chumba kimoja Kariakoo, feni inanipulizia joto, nimebonyeza noti mbili zisizopendana na nimekataa kuziachanisha.

Muziki wangu hauna maneno. Hauna kiitikio, na ukiupigia makofi utajiona mjinga. Mji mzima unapiga singeli, kasi juu ya kasi, mimi napiga noti za chini kabisa za kinanda, polepole mpaka msikilizaji aanze kuangalia nyuma yake. Vifaa vyangu vingine viko jikoni. Nina mbuzi ya kukunia nazi ambayo nikiikwaruza kwa kijiko, nikairekodi na kuipunguza kasi, inatoa sauti ya kitu kizito kinachoburutwa sakafuni. Nina sufuria la maji nusu ambalo nikiligonga na kuliinamisha, mlio wake unapinda na kushuka. Sauti ya binadamu nikiihitaji natumia yangu mwenyewe. Naguna kwenye maiki, kisha naishusha kwenye kompyuta mpaka inakuwa ya mtu mzima wa kiume aliyezidiwa.

Kinanda nilijifunza kanisani. Mwalimu wa kwaya alikuwa ananigonga vidole kwa rula kila nilipong'ang'ania noti za huzuni kuliko wimbo ulivyotaka. "Hapa pana harusi," alikuwa ananiambia, "wewe mbona unatupigia msiba?" Nilivumilia miaka minne. Siku niliyoondoka kwenye ile kwaya sikumuaga, na mpaka leo sijutii.

Wapo wanaoniambia kwamba muziki wa namna hii ni wa Wazungu, wenye majumba yao ya mawe, baridi na mishumaa. Hao nawakaribisha Kariakoo saa nane mchana, jua likiwa utosini, wasubiri umeme ukatike. Feni zinasimama. Redio zote zinakufa. Spika za dukani zilizokuwa zinatangaza bei ya mashuka tangu asubuhi zinanyamaza katikati ya neno. Kabla jenereta hazijawashwa, kwa sekunde kama kumi hivi, unasikia kitu kimoja tu: viatu. Maelfu ya viatu vinatembea na hakuna anayesema. Mimi hizo sekunde kumi zilinitisha tangu nikiwa mtoto, na ndizo ninazozitafuta kila nikikaa kwenye kinanda. Jumba la mawe sijawahi hata kulikaribia.

Chumba changu kiko kwenye nyumba ya zamani ambayo bado haijamezwa na maghorofa. Ina korido katikati, vyumba vitatu kila upande, na ua nyuma. Mkabala na mlango wangu waliishi babu na bibi. Hawakuwa ndugu zangu, ila pale nyumbani kila mtu aliwaita hivyo. Babu alikuwa amefanya kazi bandarini mpaka mgongo ukakataa. Akishaswali adhuhuri alikuwa anatoa kigoda chake, anakaa koridoni na kunisikiliza. Ndiye mtu pekee katika nyumba nzima aliyenisikiliza kwa hiari yake.

"Hapo kafa nani?" alikuwa anauliza.

"Bado hajafa, babu."

"Basi mcheleweshe kidogo. Unawahi mno."

Na alikuwa anasema kweli. Nikimchelewesha, kipande kinakuwa kizuri zaidi. Bibi yeye hakusema lolote, si zuri si baya. Alipita na ndoo yake ya maji, nami nikaamua kwamba hanipendi.

Babu alifariki asubuhi moja, chai yake ikiwa bado ya moto. Kwetu msiba ukiingia kwenye nyumba, muziki unatoka. Hakuna anayetangaza, kila mtu anajua. Redio zilizimwa chumba kwa chumba, na hata kinyozi wa mtaa wa nyuma alipunguza sauti. Turubai likafungwa barabarani mbele ya nyumba, na kila mpangaji akatoa alicho nacho. Mmoja alileta majamvi, mwingine masufuria makubwa, mwingine akaenda kuazima viti. Mimi nilitoa spika yangu, ile kubwa isiyohitaji waya, ili wanaume wakisoma chini ya turubai kina mama walioko uani nao wasikie. Niliifuta vumbi mwenyewe na kuibeba mwenyewe. Nilitaka nami niwe nimemfanyia babu kitu.

Babu alizikwa alasiri ile ile, na siku mbili nilimenya vitunguu na kuosha masufuria. Siku ya tatu, siku ya hitima, mwongozaji wa filamu alinipigia simu. Ilikuwa filamu yangu ya kwanza ndefu. Alitaka kipande cha mwisho kabla ya jioni, la sivyo angechukua muziki wa bure mtandaoni. Nilimwambia tuna msiba. Akanipa pole, halafu akarudia kwamba anakitaka jioni.

Basi baada ya adhuhuri niliingia chumbani, nikafunga mlango na kuvaa hedifoni. Nilijiambia kwamba sivunji kitu, kwa sababu hakuna atakayesikia. Nilichosahau ni kwamba kompyuta yangu na spika yangu zinajuana. Kila spika ikiwashwa karibu, kompyuta inaikumbuka na kuipelekea sauti yote bila kuniuliza. Kule nje walikuwa wameizima ili ipate chaji, na wakati wa dua ulipofika wakaiwasha.

Nikabonyeza. Kimya kwenye hedifoni. Nikadhani zimekufa, maana zilikuwa za bei rahisi. Nikachomoa, nikachomeka, nikapuliza tundu. Kimya. Nikapandisha sauti mpaka mwisho.

Kipande chenyewe kilianza na kinanda, noti moja nzito inayokaa muda mrefu. Kisha ikaja mbuzi ya nazi. Kisha ule mguno wangu, umeshushwa ukashuka, sauti ya mwanaume mzee anayejaribu kunyanyuka. Vyote hivyo vilitoka chini ya turubai, saa nane mchana, kwenye hitima ya mzee.

Nilisikia viti vinaanguka. Nilisikia mwanamke uani anapiga kelele, "Kaamka jamani, kaamka!" na miguu inakimbilia chooni, barabarani, kokote. Mimi kwa akili zangu nikatoka mbio, hedifoni shingoni, nikauliza kuna nini. Nimefika kizingitini ndipo nikausikia mguno wangu mwenyewe unanijia kutoka barabarani. Sijawahi kuona aibu ya namna ile. Nilipita katikati ya viatu na majamvi nikaizima spika. Shehe peke yake ndiye aliyebaki amekaa. Aliniangalia, akasema taratibu, "Haya, binti, imezimika. Tuendelee," na akaendelea pale alipokuwa ameishia.

Mwongozaji nilimpigia, nikamwambia sitamaliza leo. Alinung'unika, akanipa mpaka kesho yake jioni.

Kesho yake mchana mama mwenye nyumba aliita kikao uani. Ni mwanamke mwenye moyo mzuri ila hapendi ugomvi, na asiyependa ugomvi anaweza kukufukuza nyumba ili tu pawe na amani. Aliyemsukuma alikuwa mpangaji wa chumba cha mbele, kijana anayeuza mabegi ya jumla. Mizigo yake ilikuwa imeshafika mpaka dari, na chumba changu alishakiomba kiwe stoo yake mara mbili. Siku hiyo hakutaja stoo. Alivaa kanzu na uso wa huruma.

"Sisi dada hatuna ubaya na wewe," alisema. "Lakini hii kazi yako ni ya kuita vitu. Jana umeona mwenyewe. Watu wazima wamekimbia."

"Wamekimbia spika," nilisema.

"Unaona? Hata haya huna."

Mama mwenye nyumba alinishika mkono. "Mwanangu, sema tu kwamba umeacha. Mbele ya watu, useme umeacha hayo mambo ya mashetani, yaishe. Ukishindwa, basi mwisho wa mwezi unipe chumba changu."

Ilikuwa rahisi kusema. Ningeweza kusema nimeacha, nikanunua hedifoni nzuri, nikaendelea kwa siri kama mtu anayevuta sigara chooni. Nilipiga magoti kwenye saruji ya ule ua, mbele ya kila mtu, nikaomba radhi. Niliomba radhi kwa kufanya kazi ndani ya siku za msiba, kwa kusahau spika, kwa mama mmoja aliyeumia goti akikimbia. Niliomba kwa moyo wote, maana babu alikuwa wangu pia. Kisha nikasimama.

"Kuhusu muziki siombi radhi," nilisema. "Unatisha. Nimeutengeneza utishe. Sijamwita mtu wala kitu, nimegonga sufuria. Na sitasema nimeacha, kwa sababu sijaacha, na sitaacha."

Nilikuwa na hasira, na hasira ilinisaidia. Nilikuwa nimechoka. Nimegongwa vidole kwa rula, nimeitwa mchawi na watoto wa mtaa, nimeambiwa na watu wazima kwamba mwanamke mwenye akili zake angepiga nyimbo za harusi. Kama chumba kitaondoka, kiondoke nikiwa nimesema kweli.

Kijana wa mabegi alipandisha mabega. "Basi kama hutuonei huruma sisi, muonee huruma bibi. Yule yuko eda pale ndani. Miezi minne na siku kumi hatoki. Unataka kila siku awe anamsikia marehemu mumewe anaguna?"

Kila mtu aliinamisha kichwa, na niliona kikao kimekwisha. Bibi ndiye mtu ambaye nisingeweza kubishana juu yake. Nilianza kufikiria nani ataniazima gari la kuhamishia kinanda.

"Nani kawatuma mnisemee?"

Sauti ilitoka koridoni. Mlango wa bibi ulikuwa wazi, pazia limeshushwa, na yeye yuko nyuma yake, tusimwone.

"Bibi, tunakuonea huruma tu," alisema kijana wa mabegi.

"Huruma ya nini? Siku tatu mmenijazia nyumba, leo kila mtu kachukua jamvi lake kaenda. Sawa, ndiyo desturi. Mimi ndiye nitakayebaki na hiki chumba chetu." Akakohoa, akaendelea. "Jana ile sauti ilipotoka mlikimbia wote. Wote. Mpaka wewe mwanangu mwenye mabegi, viatu umeviacha. Mimi sikukimbia. Mimi nilinyanyuka nikaja mpaka hapa mlangoni. Nilijua ni yeye, nikaja kumpokea."

Mama mwenye nyumba alifunika mdomo kwa upande wa khanga.

"Msimfukuze mtu kwa jina langu," bibi alisema. "Mkifanya hivyo sitawasamehe. Nimemaliza."

Mama mwenye nyumba alisema kikao kimefungwa, na watu wakaanza kutafuta kazi za kufanya. Kijana wa mabegi alitoka mbele bila kuniangalia. Mimi nilikwenda nikasimama mbele ya lile pazia, machozi yananitoka na kamasi pia, sitaficha.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba."

"Bibi, hakuwa yeye. Ni mimi. Ile ni sauti yangu, nimeishusha tu kwenye mashine. Nisamehe."

"Najua," alisema. "Nimeshaambiwa jana ile ile."

Nilimwambia kwamba nina kipande cha kumalizia leo, na kwamba ule mguno naweza kuutoa, nikaweka kitu kingine, filamu haitaharibika. Nilikuwa namdanganya. Filamu ingeharibika, lakini kwa ajili yake ningeiharibu mwenyewe, tena bila kunung'unika.

Pazia lilitikisika. Alikuwa amekaa chini, karibu kabisa na mlango, karibu kuliko nilivyodhani.

"Usiutoe," alisema. "Piga. Adhana ikianza, zima."

Nilifungua mlango wangu wote, nikaweka kiti kuuzuia usijifunge, na nikaiwasha ile spika kubwa. Nikapiga kipande kuanzia mwanzo, kwa sauti ya kuvuka korido, na ulipofika mguno nikauacha uende mpaka mwisho wake. Nilikipiga mara saba siku hiyo, nikirekebisha hapa na pale, na adhana ya alasiri ilipoanza nikazima.