Unyayo Uliokaa Penye Picha ya Gari la Moshi

Baba hakuwahi kutupeleka sokoni kununua viatu. Kutoka kijijini kwetu mpaka Kasongo ni nusu siku kwa baiskeli, na baiskeli yake ilikuwa imekwisha kujaa: mfuko wa mchele nyuma, madumu ya mafuta ya mawese pembeni, yeye mwenyewe akitembea na kusukuma. Hapakuwa na nafasi ya mtoto. Kwa hiyo alipeleka miguu yetu tu.

Kazi hiyo ilifanyika Jumapili baada ya misa. Mmoja mmoja tulikanyaga karatasi juu ya sakafu, baba akapiga goti, akaizungusha penseli yake nene ya useremala kuanzia kisigino, akapita kidole kwa kidole. Tulicheka kwa kutekenywa. Ukicheka mstari unapinda, naye anasema bila kuinua kichwa, "Tulia, ao utavaa viatu vya bata." Kisha alikata kwa wembe, akiacha mbele upana wa kidole gumba, kwa sababu mtoto hukua wakati baba yuko njiani.

Sokoni alichuchumaa mbele ya marundo ya viatu vilivyokwisha kuvaliwa na watoto wa nchi nyingine, akaingiza unyayo wa karatasi ndani ya kiatu. Ukilala bila kujikunja, basi kiatu kimepata mwenyewe. Watu wengi wa kwetu walifanya hivyo, wengine kwa kamba, wengine kwa kijiti. Lakini kijiti, ukishapata kiatu, unakitupa njiani. Baba alirudi na nyayo zetu mfukoni mwa shati, akampa mama, na mama akazilaza ndani ya kitabu.

Kitabu kinene kilikuwa kimoja tu nyumbani. Upepo ulikuwa umeondoa paa la shule ya parokia, mvua ikalowesha vitabu, na wazazi wakaambiwa kila mmoja achukue anachoweza kukausha. Baba alichukua kikubwa kuliko vyote. Alikianika siku nyingi juu ya paa la jikoni, akikigeuza kama muhogo. Kilikuwa cha Kifaransa, cha kufundishia watoto majina ya vitu, chenye picha karibu kila ukurasa: wanyama, madaraja, mwili wa binadamu uliofunguliwa tumboni, mashine za kila aina. Kilipokauka kilikuwa kimevimba mara mbili, na hakikufungika tena sawasawa. Mimi nilijifunza kusoma humo. Mama hakusoma, alipelekwa shule miezi michache, halafu akahitajika shambani.

Tulikuwa watoto watano. Mdogo wangu wa kike, aliyenifuata mgongoni, alikufa kwa surua akiwa na miaka minne. Viatu vyake vya kwanza alivivaa Noeli moja tu. Baadaye vilivaliwa na aliyemfuata, kwa maana nyumba yenye miguu mitupu haiwezi kuweka viatu vitupu. Picha yake haikupigwa kamwe. Mpiga picha wa Kasongo alifika kijijini kwa harusi na kwa misa za askofu, na mdogo wangu hakuishi vya kutosha kukutana na harusi wala askofu.

Leo ninaishi Kindu na kuandika riwaya, pamoja na vijana wenzangu watano au sita wanaosomeana kazi zao Jumamosi na kugombana mpaka chai inapoa. Nina penzi moja ambalo wenzangu wanalicheka: ninanunua vitabu vilivyochakaa kwa ajili ya vitu vilivyosahauliwa ndani. Nimepata karatasi ya dawa ya mtoto wa miezi minane. Nimepata nusu ya barua, ile nusu ya salamu peke yake, inayosalimia watu kumi na wanne na kuisha kabla ya kusema jambo lolote. Nimepata ganda la sabuni lililokunjwa kwa uangalifu, ambalo bado lina harufu. Kwetu karatasi haizeeki. Inafungia karanga, inasokotea tumbaku, inawashia moto. Karatasi iliyobaki baada ya kumaliza kazi yake imebaki kwa sababu kuna mtu alikataa kuiachilia, na aliyekataa, katika nyumba ya udongo yenye mchwa na mende, ana kabati moja tu la kuifichia, nalo ni kitabu. Mambo hayo niliyajua vizuri. Hata niliyaandika. Ndiyo maana nilichofanya kwa mama kinaniuma zaidi.

Mwaka jana nilirudi nyumbani mwishoni mwa Oktoba, siku mbili juu ya pikipiki, matope mpaka kwenye nyusi. Baba alikuwa amekwisha kufariki miaka mitatu kabla. Mama anaishi na shangazi yangu, dada mdogo wa baba, mjane kama yeye. Wanalima pamoja na kubishana tangu asubuhi. Kesho yake, wakati wao wako shambani, nilikifungua kitabu kile na kusikitika. Vijidudu vya rangi ya fedha, vile vinavyokula karatasi, vilikuwa vikikimbia katikati ya kurasa. Mgongo ulikuwa umepasuka, na kilichoupasua, nilijiambia, ni zile nyayo zilizojaa ndani.

Basi nikafanya usafi. Nilikaa barazani na kitambaa kikavu, nikafuta ukurasa baada ya ukurasa, nikatoa nyayo zote. Zilikuwa kumi na tatu. Nilizipanga kwa ukubwa, ndogo juu, kubwa chini, nikazitia katika bahasha safi ya plastiki niliyoileta kwa ajili ya karatasi zangu. Kitabu nilikifunga kwa ukanda wa mpira, kikafungika vizuri kwa mara ya kwanza tangu kilipolowa. Nilijisikia mwana mwema.

Asubuhi ya siku ya marehemu wote, tulipokuwa tunajiandaa kwenda kupalilia makaburi, mama alivaa kitenge chake cha kanisa, akaketi mlangoni penye mwanga, akakiweka kitabu mapajani. Sikuwahi kuliona jambo hilo. Miaka yote nilipokuwa mtoto, saa ile tulikuwa tumetumwa kuchota maji. Alitoa mpira, akakigeuza, akafungua kwa haraka kama mtu anayefungua mlango wa nyumba yake. Kisha akafungua mbele kidogo. Akarudi nyuma.

"Haiko," akasema.

"Nini, mama?"

"Mutoto haiko. Alikuwa hapa."

Nilisogea. Kidole chake kilikuwa juu ya picha ya daraja refu la chuma, na gari la moshi likipita juu yake.

Nikaleta bahasha yangu. "Mama, nyayo zote ziko hapa. Nimezipanga vizuri, tazama, hakuna hata moja iliyopotea."

Aliitazama ile bahasha. "Umezipanga namna gani?"

"Kwa ukubwa."

"Kwa ukubwa," mama akarudia, na mikono yake ikalala juu ya kitabu. "Sasa yake ni gani?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Hakuna unyayo hata mmoja uliokuwa na jina. Mama asingeweza kuliandika, na baba hakuona sababu, kwa kuwa kila unyayo ulikuwa na mahali pake, na mahali pale ndipo palikuwa jina. Ukurasa wa tembo, mama alinieleza baadaye, ulikuwa wa kaka yetu mkubwa. Ukurasa wa daraja ulikuwa wa marehemu, kwa sababu alipoiona ile picha alikuwa akipiga kelele, "Jongoo! Jongoo amebeba nyumba!" na alilia kila mtu alipofunua ukurasa mwingine. Mama alikuwa amemweka pale penye jongoo wake. Miaka yote, kila siku ya marehemu, alimfungulia pale, akaweka kiganja chake juu ya unyayo, halafu ndipo alipochukua jembe kwenda makaburini. Na mimi, mwenye kusoma, niliwatoa watoto wake wote majumbani mwao na kuwapanga mstari kama wanafunzi.

Shangazi alitoka ndani na majembe mawili begani. "Tunaenda ao hatuendi? Jua hili halingoje mutu."

"Siendi," mama akasema. "Sitamupalilia mutoto kabla sijamuona."

Shangazi akaelezwa. Alinitazama kuanzia miguuni mpaka kichwani. "Madamu wa vitabu! Ulipokuwa mudogo ulikuwa unakula kurasa, sasa umekuja kumaliza zilizobakia?"

"Nilitaka kukitunza, shangazi."

"Kutunza! Mbuzi naye anatunzaka shamba."

Tulizimimina nyayo juu ya mkeka. Kubwa tuliziondoa. Zilizokatwa katika jalada la daftari au katika kalenda mama alizijua mara moja. Zikabaki tatu ndogo, zote za karatasi ya kahawia ya mfuko wa saruji, za mwaka ule parokia ilipojenga upya shule, na kijiji kizima kikafunga kila kitu kwa mifuko ile. Tatu, na moja ilikuwa yake. Mama alizigusa moja baada ya nyingine.

Nilirudi kwenye ukurasa wa daraja, kwa aibu zaidi kuliko kwa matumaini, na hapo nikaona kitu ambacho kitambaa changu hakikuweza kufuta. Juu ya anga ya picha ile kulikuwa na kivuli cha rangi ya chai hafifu, chenye kisigino na vidole. Karatasi ya saruji ilikuwa imelala pale miaka mingi hata ikaacha umbo lake.

"Mama, lete zote."

Unyayo wa kwanza ulipita kivuli kwa vidole viwili. Shangazi akautupa pembeni: "Huyo ni kaka yako, tangu zamani ana miguu ya kukanyagia matofali." Wa pili nikaulaza, ukakaa. Lakini nilipojaribu wa tatu, nao ukakaa, upungufu wake haukufikia hata unene wa ukucha. Nilizibadilisha, nikazirudisha, nikapima kwa macho ukingo wa kila kidole. Mmoja wao ulikuwa wangu, nilipokuwa na umri wa miaka sita na miguu midogo ya mtoto mgonjwamgonjwa. Mwingine ulikuwa wake. Tulikuwa tumelingana, na mimi sikukumbuka.

"Chagua mumoja," shangazi akasema kwa sauti ndogo, na utani wake ukawa umekwisha. "Wote ni wako."

"Hapana," mama akasema.

Alizichukua zote mbili kutoka mikononi mwangu, akasimama, akatoka nje kabisa, kwenye jua la uwanja. Alizigeuza. Mimi nilikuwa nimeangalia kingo peke yake. Yeye aliangalia tumbo la karatasi, ubavu uliolalia picha. Alizisogeza karibu na jicho, akaziinamisha kidogo, kama anavyopepeta mchele ili mawe yajionyeshe. Akakaa hivyo. Kuku wakampita. Kisha akacheka, kicheko kifupi chenye machozi ndani.

"Jongoo iko hapa," akasema. "Njoo uone. Amemupanda mutoto wangu kwa mguu."

Nilikimbia. Kwenye unyayo mmoja, kutoka kisigino kuelekea kidole kidogo, wino wa picha ulikuwa umehamia katika karatasi. Ulikuwa hafifu kama vumbi. Ukiutazama moja kwa moja huoni kitu. Ukiinamisha unaona mabehewa madogo, moja, mawili, matano, yakipita juu ya wayo wa mtoto aliyekufa bila kuona gari la moshi.

Shangazi aliutazama, akautazama tena, akageuka na kujifuta uso kwa pembe ya kitenge. "Weye unajua kusoma," akaniambia, "lakini haujajua kuangalia."

Mama aliurudisha unyayo mahali pake, ukakaa sawa juu ya kivuli chake. Aliufunika kwa kiganja. Midomo yake ilisema kitu ambacho hakikuwa chetu kukisikia. Nilidhani atakifunga kitabu, atakificha nguoni mwake mbali na mikono yangu, na angekuwa na haki. Badala yake alininyooshea unyayo wa pili.

"Huu ndiyo wako. Uurudishe."

"Wapi, mama?"

"Kumbe haujui unakaa wapi?"

"Sijui."

Shangazi akapata sauti yake tena. "Kwa nyuki! Weye ulikaaka kwa nyuki, juu ya huo mudomo wako, haukulalaka hata dakika moja. Kaka yangu ndiye alikuchagulia."

Nilifunua kurasa nikitafuta. Nilikuwa nimekifuta kitabu kizima kwa mikono yangu na sikukumbuka nyuki. Mama alikichukua, akafungua mara moja, akanipa. Picha ya mzinga, na juu ya mzinga kivuli changu. Lakini karatasi pale ilikuwa imechakaa kuliko mahali pengine, laini, kona imelegea kwa kushikwa, hata kuliko ukurasa wa daraja.

"Mama, hapa mbona pamechoka hivi?"

"Weye uko Kindu miaka ngapi?" akauliza, akifunga kilemba. "Yule mwengine, siku yake ni moja kwa mwaka. Weye siku yako ya kurudi haijulikani."

Alisema hivyo kama mtu anayetaja bei ya chumvi, akachukua jembe lake, akamfuata shangazi ambaye alikuwa ameshafika njiani na kulalamika juu ya jua. Mimi nilibaki mlangoni, unyayo wangu mkononi. Nikaulaza penye nyuki, taratibu, kisigino kwanza.