Masikio ya Paka Kwanza

Mpaka leo mtu akiniambia kwamba chakula hakichezewi, damu inanichemka. Maneno hayo niliyasikia kila asubuhi ndani ya nyumba yangu mwenyewe, Iringa mjini, miaka ya sabini, na aliyeyasema alikuwa mama mkwe wangu.

Alitoka Kilolo kuja kumwona mjukuu wake, binti yangu wa kwanza, aliyekuwa na miaka miwili na nusu. Mtoto alikuwa amekonda. Tangu nimwachishe ziwa alikuwa akifumba mdomo kila alipoona kijiko, na mstari kwenye kadi yake ya kliniki ulikuwa unateremka tu. Nesi aliniambia waziwazi: mwezi ujao akipungua tena, atalazwa. Nilirudi nyumbani nimembeba mgongoni na sikusikia uzito wowote, na hilo ndilo lililoniogopesha kuliko maneno ya nesi.

Mama mkwe alikuwa na dawa yake, chai na mkate mweupe wa dukani. Mwanawe alikuwa karani, anavaa tai, basi mtoto wa karani ale vya karani. Nilipotoa unga wa ulezi alisimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Hii ulezi ni ya pombe. Unataka mjukuu wangu alewe asubuhi yote hii?"

Alewe! Mimi nimezaliwa Mbeya, upande wa Rungwe, nimekuzwa kwa uji wa ulezi na sijawahi kupepesuka. Kwake yeye ulezi ulikaa ghalani ukingoja kupikiwa wageni pombe, huku watoto wakinyweshwa chai ya rangi. Nilikuwa na majibu kumi mdomoni. Lakini mkamwana hamjibu mama mkwe, kwetu wala kwao, kwa hiyo nikainama nikakoroga uji wangu.

Mtoto alifumba mdomo vilevile. Ndipo, kwa kukata tamaa tu, nikachukua parachichi kutoka kwenye kikapu alichonitumia mama yangu kwa basi, nikakata vipande viwili vyenye ncha na kuvisimamisha kwenye uji mzito. Matone mawili ya karanga zilizosagwa yakawa macho. Masharubu nikayachora kwa maziwa.

"Paka," alisema mtoto.

"Paka. Na tunaanza na masikio, asisikie tunavyomla. Halafu macho, asituone."

Alicheka. Nilikuwa sijakisikia kicheko hicho kwa wiki kadhaa. Akala masikio, akala macho, halafu akamkimbiza paka bakuli zima mpaka chini. Mimi nilikuwa nalia, na mama mkwe alikuwa ametugeuzia mgongo, akitazama ukuta.

"Chakula haichezewi. Kwetu mtoto anakula kimya. Na hiyo parachichi sisi tunawapa nguruwe."

Aliendelea hivyo kila asubuhi. Mimi niliendelea na paka, siku nyingine sungura, siku nyingine kuku wa kiazi kitamu, na mstari wa kadi ukageuka. Siku ya kliniki, mama mkwe akiwa nasi, nesi alimtundika mtoto kwenye mizani, akatazama mara mbili, akatupongeza. Tulipotoka kukaa kwenye benchi, mama mmoja aliyempakata mtoto mwembamba, miguu yake kama ya wangu ilivyokuwa, akamgeukia mama mkwe kwa heshima.

"Shikamoo mama. Huyu mnampa nini?"

"Marahaba. Chai ya maziwa na mkate ya dukani," alijibu, kichwa juu. "Kwa mwanangu hatuli ulezi."

Nilimtazama, naye hakunitazama. Aliona aibu! Mbele ya wanawake wale, uji uliomwinua mjukuu wake ulimtia aibu. Mimi nami, na hapa ndipo hasira yangu inaponigeukia mwenyewe, nilinyamaza. Nilijiambia ni heshima, lakini ilikuwa woga. Yule mama aliitikia kwa kichwa taratibu, kama anayekariri maneno asije akayasahau njiani.

Mwezi uliofuata tulimkuta kwenye benchi lilelile. Mtoto wake hakuwa na nguvu hata ya kufukuza inzi.

"Mama, nimempa mkate kila siku kama ulivyonielekeza," alisema. "Ulezi wote nimeuza ili ninunue mkate. Mbona anazidi kupungua?"

Mama mkwe alitazama chini. Nilingoja. Ndipo nikavunja adabu yote niliyofundishwa.

"Wangu hali mkate," nilisema kwa sauti, benchi zima likageuka. "Anakula uji wa ulezi, na karanga, na parachichi. Namtengenezea paka ndani ya bakuli ndiyo anakula. Twende kwangu sasa hivi nikuonyeshe."

Nilijua nimeshajiharibia. Nilingoja anisute mbele ya watu, na nilikuwa tayari kumjibu, mara hii ningemjibu. Yeye aliinuka polepole, akamchukua mtoto wa yule mama, akampima kwa mikono kama nilivyompima wangu mgongoni siku ile.

"Masikio kwanza," alimwambia mama wa mtoto, bado hanitazami mimi. "Paka asisikie."

Alikuwa ameyajua yote, neno kwa neno, huku ametazama ukuta. Mtoto wa watu alikuwa amekonda mwezi mzima kwa sababu mama mkwe alificha kitu alichokijua.

Hilo sijamsamehe, wala sijajisamehe.