Guide wa Nairobi alivyotunyanyasa mimi na mama mkwe, siku tulienda kuona lift ya marehemu

Wakuu, salamu kutoka Rongo. Nimekuwa nikisoma nyuzi za watu hapa kimya kimya miaka mingi, leo nimeamua kuandika yangu. Sitaongeza chumvi. Penye nimesahau nitasema nimesahau.

Kilichonichokoza ni kijana mmoja aliyeweka uzi juzi akisifu hizi private tour za Nairobi. Ati ukichukua guide wako binafsi, unaonyeshwa mji kama mfalme. Nilicheka kwa hasira. Mimi nilionyeshwa huo ufalme miaka ya tisini, na mpaka leo nikikumbuka naskia kupiga mtu.

Wacha nianze mwanzo.

Nimeoa Sindo, huko ziwani. Baba mkwe wangu alifanya kazi Nairobi miaka ishirini na mbili, akiwa liftman. Vijana wa siku hizi hamjui hii kazi. Kwa majumba makubwa ya ofisi kulikuwa na mtu ndani ya lift, amevaa khaki imepigwa pasi, ameketi kwa kistuli. Unaingia, anakuuliza "floor gani?", anafunga mlango, anakupeleka.

Mzee alikuwa anakuja nyumbani Disemba na hadithi za hiyo lift. Nimepandisha waziri. Nimepandisha mzungu na mbwa wake. Wakubwa wote wananijua, wananisalimia kwa jina. Boma inajaa watu wa kumsikiliza mpaka chai inaisha.

Wenye wivu walikuwa wanasema huyo ni mfungua mlango tu. Mama mkwe alikuwa anawajibu sawasawa, lakini yeye mwenyewe hakuwahi kufika Nairobi hata siku moja. Nani angebaki na ng'ombe? Nani angebaki na watoto saba?

Mzee akastaafu, na miaka miwili baadaye akatuacha. Mama akabaki na hamu moja tu. Aione hiyo lift, aingie, asimame pale bwana yake alikuwa anakaa. Hakuna kitu ingine aliomba watoto wake.

Nafasi ikapatikana wakati shemeji yangu mdogo alikuwa anaolewa Nairobi. Harusi ni Jumamosi, sisi tukafika Alhamisi. Watoto wakachanga, wakamchukulia mama tour ya masaa manne siku ya Ijumaa, gari yake na guide wake. Mke wangu Adhiambo ndiye angeenda na yeye.

Ijumaa asubuhi gauni ya bibi harusi inaletwa, haiingii. Kilio nyumba nzima. Adhiambo hawezi kutoka. Wengine wote wako kwa keki na viti.

Nikabaki mimi.

Sasa nisimamishe hadithi kidogo, kwa sababu si wote ni watu wa kwetu. Kwetu Wajaluo, mama mkwe tunamwita maro, na heshima yake ni ya kukaa mbali. Humgusi, hata mkono hampeani. Hamkai kiti kimoja. Huli mbele yake. Na kubwa zaidi, hupandishi sauti yeye akiwa hapo, hata mtu akikutemea mate. Ukigombana mbele ya maro wako umejivua nguo.

Kuna wenye wataniambia hayo ni ya kale. Sawa. Mimi ndivyo nililelewa, na yeye pia.

Nikajiambia, si mbaya, tumeahidiwa van. Yeye atakaa nyuma, mimi nitakaa mbele na dereva.

Wakuu, ilikuja gari ndogo. Dereva mbele, guide mbele. Guide ni kijana wa tai na miwani nyeusi, nitamwita Dave. Kiingereza anakitoa kwa pua. Kiswahili chake cha kujilazimisha, kama mtu amelelewa ng'ambo. Nikamvuta kando, nikamwomba kwa upole tubadilishane, yeye akae nyuma na mama. Akasema guide hukaa mbele, ni rule ya kampuni.

Basi tukaingia nyuma, mimi na maro wangu, kiti kimoja. Katikati nikaweka koti yangu na kikapu chake. Hicho kikapu kilikuwa na obambla, samaki ya kupasua na kukausha kwa jua. Alikuwa amembebea yule mtu amerithi kiti cha bwana yake. Nikajibandika kwa mlango, yeye akajibandika kwa ule mwingine, kila mtu anaangalia dirisha yake. Nilikuwa naskia joto la aibu mpaka kwa masikio.

Kabla gari ianze nilimwambia Dave wazi kabisa: mama amekuja kuona jengo fulani, na lift yake. Hizo zingine hata zikikosa ni sawa. Nikamtajia jengo. Akasema hakuna shida, tutamalizia hapo.

Bunge tuliiona kwa dirisha. Ati hakuna kushuka. Mama akauliza kama hapo ndipo yule waziri wa hadithi za Mzee alikuwa anafanya kazi. Dave akaendelea kuchana nywele kwa kioo.

Uhuru Park akatushusha, kumbe ana rafiki wa camera hapo. Picha iko kwa package, anasema. Nikasimama huku, mama akasimama kule, katikati pangepita mkokoteni. Dave akaja akamshika mama mkono, akamvuta mpaka kwangu. Akachukua mkono wangu pia, anataka kuuweka kwa bega la mama. Huku anacheka na yule wa camera, ati hawa watu wa lake wanaogopana.

Mama aliruka nyuma kama mtu amekanyaga moto. Akajifunika leso mpaka kichwani.

Mimi nilinyamaza. Nataka mnielewe hapo. Sikunyamaza kwa uoga. Nilikuwa na miaka thelathini na kitu, nabeba gunia la mahindi peke yangu. Ningemkunja huyo kijana kama shati. Lakini maro wangu alikuwa hatua tatu kutoka kwangu, na mdomo wangu umefungwa. Nilimwambia tu kwa sauti ya chini, ndugu, usirudie. Akanipigapiga mgongo.

Halafu ikaja kitafunio, kwa kahoteli fulani. Meza moja, sahani mbili za sambusa. Nikaenda kusimama nje ili mama ale kwa amani. Nilipochungulia, Dave alikuwa amekalia kiti yangu anamaliza sambusa zangu, mbele ya maro wangu, anajipangusa na kitambaa. Mama alikuwa ameangalia ukuta. Hakuwa amegusa kitu.

Kutoka hapo, duka la vinyago. Tulikaa huko karibu saa nzima, maana Dave na mwenye duka ni kitu kimoja. Ananionyesha kiboko ya soapstone, ananiambia kwa Kiingereza cha pua kwamba hili jiwe linatoka mbali sana, kwa kijiji fulani cha ndani. Wakuu, mimi ni mtu wa Rongo. Hilo jiwe linachimbwa Tabaka, hapo juu tu. Watoto wetu wanachezea hayo makombo. Ningecheka kama singekuwa naangalia saa ya ukutani.

Mama alikuwa anaiangalia pia. Kila mara ananitupia jicho, anarudisha chini. Yeye pia hawezi kulalamika mbele ya mkwe.

Tukarudi kwa gari. Tukapita katikati ya mji, gari zimejaa, tunasongea pole pole. Dave akanyoosha kidole bila kugeuka. Akasema, hiyo ndiyo building yenu, left side, na sasa time yetu imeisha, tunawarudisha.

Nikamwambia tulikubaliana. Nikamwambia kwa heshima, mara mbili. Akasema hapo hakuna parking, na isitoshe hapo hakuna kitu ya kuona. "Mathe, ni lift tu. Hata kwetu ofisini iko lift."

Mama mkwe wangu akafungua mlango.

Gari ilikuwa imesimama kwa taa, lakini zingine zilikuwa zinapita kando. Akatoa mguu mmoja nje. Dave akashtuka, na kwa kushtuka akapiga kelele: "Mama, bed piny!"

Hiyo ni Dholuo, lugha yetu. Anamwambia aketi. Na si Dholuo ya kujifunza barabarani, ni ile ya upande wetu kabisa, ya Homa Bay, ile unasikia sokoni.



Yaani huyu kijana ni wetu. Alijua maro ni nani. Alijua kwa nini niliomba kiti cha mbele, alijua kwa nini tulisimama mbali kwa picha, alijua kwa nini sikula. Alijua mimi siwezi kumfokea, ndiyo maana alinichezea hivyo siku nzima. Mgeni ningemsamehe. Mgeni hajui.

Mama akamgeukia. Hakupandisha sauti. Akamwambia, "Wewe uko na mama. Siku moja utamtafutia gari kama hii."

Akashuka.

Mimi nikashuka upande wangu. Sasa niko katikati ya barabara ya Nairobi, mama mzee mbele yangu anavuka, na siwezi kumshika mkono. Nikatangulia mbele ya magari, nikatandaza mikono yote miwili kama mtu anazuia ng'ombe, nikasimama hivyo. Honi zilinipigiwa mpaka za mabasi. Nilitukanwa lugha zote. Mama akavuka taratibu, leso yake kichwani, mpaka kwa mlango wa jengo.

Nyuma yetu taa ikawaka kijani na Dave akaenda. Koti yangu ikaenda. Kikapu cha samaki kikaenda. Kikapu kilirudi Jumatatu kupitia ofisi yao, kitupu, kinanuka tu.

Kwa jengo kulikuwa na askari mezani, mtu wa makamo, mpole. Nikamweleza. Akasema siku hizi hakuna liftman, wamewekewa button, kila mtu anajibonyezea. Mama akauliza, "Na kiti yake?" Askari akasema kiti ilitolewa. Lakini lift yenyewe ni ile ile, mama anaweza kupanda, hakuna atakayemkataza.

Ikafunguka. Kasanduku kadogo, watu sita wakijipanga. Nikaangalia hako kasanduku, nikaangalia maro wangu. Kujifungia humo na yeye? Sikuweza. Nikamwambia, mama, ya juu kabisa ni kumi na moja, mimi nitakupata huko. Nambari anazijua vizuri, za nyimbo kanisani. Akaingia peke yake. Mlango ukafunga.

Nikapanda ngazi mbio. Floor ya sita nilikuwa naona nyota. Kumi na moja nikafika nimeshika ukuta.

Mama hayuko.

Nikangoja. Lift ikaja, ikafunguka. Watu watano ndani, makoti na mafaili, na mama mkwe wangu amesimama kona ya buttons, amenyooka, leso ameishusha mabegani. Watu wanatoka wanampita. Wengine wanaingia. Akawauliza kwa sauti safi, "Floor gani?" Mmoja akasema tatu, mwingine ground, macho kwa magazeti. Akawabonyezea.

Kisha akaniona mimi hapo nje nahema.

"Ora," akaniita hivyo, yaani "mkwe wangu", "wewe unaenda floor gani?"

Nikamwambia, "Mimi natembea, mama."

Akakubali kwa kichwa. Mlango ukafunga, akawapeleka watu wake.

Alipanda na kushuka karibu saa nzima. Mimi na yule askari tulikaa chini tukihesabu kila lift ikifunguka. Hakuna mtu aliyeuliza yeye ni nani. Mama aliposhiba alitoka mwenyewe, akamshukuru askari, tukarudi kwa miguu, yeye mbele, mimi hatua kumi nyuma.

Jioni mabinti zake wakamzunguka, wanataka kujua ameona nini Nairobi. Mimi nilikuwa chumba cha nje, haya nimeyapata kwa Adhiambo. Mama hakutaja Bunge wala Uhuru Park. Hata Dave hakumtaja. Alisema tu, "Nimeona kazi ya baba yenu. Watu wanaingia, wanakuambia nambari, wanatoka. Hakuna mtu anasalimia."

Akasema pia, "Na yeye alikuwa anatuambia wanamsalimia kwa jina."

Adhiambo alilia. Mimi nilitoka nje, na ile hasira yangu ya Dave ikawafikia pia wote waliopanda hiyo lift bila kumsalimia Mzee.

Funzo? Ukilipia mzazi tour, kwanza uliza kama huyo guide ataenda penye mzazi anataka. Kama hawezi, chukua pesa yako, mpeleke mwenyewe, hata kama ni kwa mguu.

Dave, kama uko humu, na najua watu wa Homa Bay mko wengi humu, jitokeze tu. Sitakutukana. Maro wangu hayupo tena, sasa naweza kupandisha sauti, lakini sitaki.

Ninachotaka ni hiki. Kama kuna mtu hapa alifanya kazi town miaka hiyo, kwa jengo lenye liftman mrefu mweusi wa khaki, pengo hapa mbele, Kiswahili cha Sindo, andika hapa chini. Niambie kama ulikuwa unamsalimia. Hata kama ni mara moja.